Kujuana na Kupeleleza

Ama baad. Imefika katika halka yetu barua ya kijana mmoja wa hapa pwani, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwenye kusoma ile ilimu inayochunguza mila, desturi na maisha ya watu, ambayo wasomi wa leo huiita anthropolojia. Anaeleza kuwa ametakiwa kwenda kukaa miezi kadhaa katika nchi ya chai, baina ya Kericho na Bomet, akae na wachumaji wa majani, ale wanachokula, asikilize wanayoyazungumza, kisha arudi ayaandike. Wenzake waliomtangulia wamemnasihi asijitambulishe. Wamemwambia kwamba akienda ofisini kuomba ruhusa atapewa mtu wa kumfuata kila aendapo, na hapana mchumaji atakayesema kweli mbele ya mtu huyo. Bora ajiandikishe kazi kama mchumaji, abebe kapu lake mgongoni, anyamaze, na usiku aandike. Anauliza: je, jambo hili lafaa katika dini yetu? Na je, ilimu yenyewe yafaa, au ni kupeleleza watu kulikovishwa joho la chuo?

Barua ilisomwa katika darsa, na watu wakakhitilafiana. Wako waliosema kuwa jambo lote halifai, liachwe. Wako waliosema ilimu ni ilimu, na mwenye kuitafuta hazuiwi. Sisi hatukuridhika na jawabu lolote katika haya mawili. La kwanza linaufunga mlango ambao Mwenyezi Mungu ameufungua, na la pili linafungua kila mlango hata ule wa chumbani kwa mtu. Wala jambo hili si la kijana huyu peke yake. Watoto wetu wengi leo husoma ilimu za namna hii, na wengi zaidi hulipwa na mashirika kwenda vijijini na makaratasi ya maswali, wakawauliza watu pato lao, ndoa zao, uzazi wao na maradhi yao, bila ya kusita hata mara moja kujiuliza: neno hili nililolichukua ni la nani?

Mwenye kuisoma Suratul Hujurat kwa mazingatio ataona ajabu. Katika aya ya 12 Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kudhaniana vibaya, anawakataza kupeleleza, na anawakataza kusengenyana, na kusengenya akakufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekwisha kufa. Hapo hapo, katika aya ya 13, anawakumbusha watu wote, wala si waumini peke yao, kwamba amewaumba kwa mume na mke, akawafanya mataifa na makabila ili wajuane. Aya mbili ubavu kwa ubavu! Moja yakataza kuzitafuta khabari za watu, na ya pili yaeleza kuwa kukhitilafiana kwetu kumewekwa ili tuzitafute khabari za wenzetu. Lakini hapana mgongano. La kukatazwa ni tajassus, na la kutakiwa ni ta'aruf, na hili la pili limekuja katika sura ya kitendo cha pande mbili. Hata Kiswahili chetu kinasema hivyo hivyo: kujua ni kwa mtu mmoja, kujuana ni kwa wawili. Mimi nakujua nawe wanijua. Nimekuuliza khabari za kwenu nawe una haki ya kuniuliza za kwetu. Ama mpelelezi, yeye hutazama kwa tundu la mlango, na mwenye nyumba hajui kuwa anatazamwa.

Basi hii ndiyo mizani yetu, na kila tutakalolisema baada ya hapa litapimwa kwayo.

Asidhani mtu kuwa ilimu hii tumeletewa na Wazungu. Abu Rayhan al-Biruni alikuwa Mwislamu, na kitabu chake juu ya Bara Hindi alikiandika mnamo mwaka 1030 wa kizungu. Alijifunza Sanskriti, lugha ya vitabu vyao, akiwa mtu mzima. Akakaa na wanavyuoni wao. Akaeleza itikadi zao kama wenyewe wanavyozieleza, bila ya kuzitukana wala kuzipamba. Lakini mtu huyu alifika huko nyuma ya majeshi ya Sultan Mahmud wa Ghazna, na hakulificha hilo. Ameeleza wazi kuwa vita vile viliwatia Mabaniani chuki ya Waislamu, na vikawafanya wanavyuoni wao wakimbilie mbali pasipofikwa. Alijua kuwa mlango alioingilia ulikwisha vunjwa na mtu mwingine. Wasomi wengi waliokuja baada yake karne nyingi katika Afrika hii hawakukiri hata hilo.

Nasi watu wa pwani tunajua ladha ya kuandikwa. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akatuandika sala zetu na vyakula vyetu, na mpaka leo twamshukuru. Mwaka 1974 Abdul Hamid el-Zein, Mmisri, alitoa kitabu kizima juu ya dini na matabaka ya watu wa Lamu. Mwaka 1998 Susan Hirsch, Mmarekani, alitoa kitabu juu ya kesi za mke na mume katika mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya. Sina nia ya kuvihukumu vitabu hivi hapa. Nataka msomaji akumbuke tu mwenyewe vipi moyo unavyoruka mtu anapoambiwa kuwa maneno ya mtaani kwao yamepigwa chapa Ulaya, kisha atie moyo huo huo katika kifua cha mchumaji chai.

Imehadithiwa, na Imam Ghazali ameitaja katika Ihya, kwamba Sayyidna Umar alikuwa akizunguka usiku katika Madina akasikia sauti ya mtu akiimba ndani ya nyumba. Akapanda ukuta, akamkuta mtu yule na mwanamke na ulevi. Alipomkemea, mtu akamwambia asifanye haraka: ikiwa yeye amemuasi Mungu katika jambo moja, basi Amirul Muuminina amemuasi katika matatu. Amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa. Ameingia kwa ukutani, na tumeamrishwa kuingia majumbani kwa milangoni. Na ameingia bila ya kubisha hodi na kutoa salamu. Sayyidna Umar hakuwa na la kujibu, akamsamehe kwa sharti ya kuacha.

Tazama uzito wa kisa hiki. Aliyeingia ni Khalifa, mwenye mamlaka. Nia yake ni njema. Alichokikuta ni kweli, si uzushi. Na juu ya hayo yote, njia aliyoijia ilibatilisha haki yake ya kukitumia. Wasomi wa leo husema, "Tulichokiandika ni kweli." Na sisi twawauliza: mliingia kwa mlango gani?

Sasa na tuitazame nchi yenyewe anayokwenda kijana wetu, kwani hukumu haiwekwi hewani.

Wenyeji wa Kericho na Bomet ni Kipsigis. Serikali ya kikoloni kwa miaka mingi iliwaita Lumbwa, jina ambalo wenyewe hawakujiita, likaandikwa hata kwenye stesheni ya gari la moshi, ile ambayo leo inaitwa Kipkelion. Watu wakaandikwa kwa jina lisilo lao kabla ya kuulizwa chochote! Ardhi yao nzuri ilichukuliwa, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yakaanza kupanda chai juu yake. Katika zama hizo hizo wakaja wenye kuandika mila. Ian Orchardson alikaa nao miaka mingi, akaoa kwao, akaijua lugha. Maandiko yake yalitoka kwa kitabu mwaka 1961, baada ya kufupishwa na kuhaririwa na A. T. Matson. Naye J. G. Peristiany, Mgiriki, alikuja katika miaka ya 1930, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1939.

Baina ya hawa wawili limetokea jambo ambalo kila mwenye kalamu yapasa alijue. Miongoni mwa Kipsigis kuna ukoo wa Talai, ambao ndani yake hutoka orkoiik, watu walioaminiwa kuwa na uwezo wa kujua yaliyofichika, na ambao neno lao lilikuwa na nguvu. Sisi Waislamu hatukubali kuwa ghaibu inajulikana na yeyote ila Mwenyezi Mungu, lakini mtu hafukuzwi kwao kwa sababu ya alilodai babu yake. Serikali iliwaogopa. Mwaka 1934 ikatunga sheria ya kuwaondoa, na sheria yenyewe ikawaita Malaibon, ambalo ni neno la Kimasai, si lao. Wakahamishwa wanaume, wanawake na watoto wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya mbung'o na mbu, wakakaa huko zaidi ya miaka 20. Kizazi chao mpaka karne hii kinadai haki. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa tamko juu ya madai yao na ya Kipsigis wenzao walionyang'anywa ardhi.

Fikiri, ewe msomaji. Huwezi kuhamisha ukoo mpaka uujue ukoo. Mtu hakupelekwa Gwassi kwa kosa alilolifanya na likathibiti mbele ya kadhi, bali kwa nasaba: huyu ni mwana wa fulani, na fulani ni ndugu wa fulani. Na swali la nasaba ndilo swali la mwanzo analoliuliza kila mchunguzi wa mila, kwani ndilo jepesi kuliko yote. Wazee hulipenda. Watakaa chini ya mti wakuhesabie mababu mpaka jua litue. Sisemi kuwa Orchardson au Peristiany ndio waliotoa majina, wala Peristiany alikuja sheria imekwisha pita. Nasema kuwa khabari isiyo na madhara mdomoni mwa mzee inaweza kuwa waranti ikiingia katika faili, na aliyeiandika hana tena uwezo wa kuirudisha.

Na hili si la zama za kikoloni tu. Mashamba ya chai ya Kericho yanafanyiwa kazi na watu wengi waliotoka nje ya nchi ya Kipsigis: Wakisii, Wajaluo, Waluhya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wengi wao walishambuliwa ndani ya makazi yao ya kazi, wako waliouawa, na wako waliokimbia na kuacha kila walichokuwa nacho. Basi daftari la mwanafunzi lililoandikwa jina la mtu, kabila lake, chama anachokipenda na nambari ya nyumba anayolala, hilo ni daftari la namna gani? Mchana ni utafiti. Usiku likiangukia mkononi mwa mwenye shari ni orodha ya kuuliwa. Kwa hivyo la kwanza tunalomwambia kijana wetu ni hili: usiandike usichokihitaji. Mwalimu wako atataka karatasi ijae. Iache nusu tupu.

Kuna jambo jingine la Kipsigis linalotuingia sisi khasa kwa upande wa amana. Tumdo, yaani jando lao, ina siri zake, na anayepita humo hufungwa kwa ahadi asiyatoe kwa asiyepita. Kitabu cha Peristiany kina maelezo marefu ya mambo haya, yaliyosomwa na maelfu ambao hawakupita. Mtu katika halka yetu alisema: hizo ni mila za kijahili, siri yake haina hishima kwetu. Maneno haya si sawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoka Makka kuhamia Madina, alikuwa na amana za makafiri walewale waliotaka kumuua, na alimwacha nyuma Sayyidna Ali ili azirudishe kwa wenyewe. Amana haiulizi dini ya mwenyewe. Na anayemshawishi mtu kwa fedha kidogo, au kwa sukari na majani ya chai, mpaka akavunja ahadi aliyowapa wenziwe, ameshiriki katika khiyana ile, hata akiiita shukrani au zawadi. Ukiambiwa, "Hili halisemwi," usilitafute kwa mlango wa nyuma kwa mtu mwingine aliye na njaa zaidi.

Tuje kwenye mlango wa shamba. Shamba la kampuni si kama kijiji. Nyumba ni ya kampuni, njia ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni. Basi nani mwenye kutoa idhini? Ipo idhini ya serikali: sheria ya mwaka 2013 imeweka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na mchunguzi lazima awe na kibali chake, na ipo sheria ya mwaka 2019 ya kulinda khabari za watu. Kijana afuate sheria hizi, kwani ni masharti ya nchi na Mwislamu hutimiza masharti. Iko na idhini ya meneja, kwa kuwa ardhi iko chini ya mkono wake. Lakini hapana hata moja katika hizo iliyo idhini ya mchumaji. Meneja anaweza kukuruhusu kupita njiani. Hawezi kukuruhusu kuingia katika moyo wa mama anayechuma, kwani hakuumiliki. Na ukiingia pamoja na msimamizi, ukamkalisha mama huyo mbele ya msimamizi, ukampa karatasi akatia sahihi au kidole gumba, hiyo haikuwa ridhaa. Mafakihi wetu wameandika milango mizima juu ya ikrahi, na wamekubaliana kuwa ridhaa ya mwenye kuogopa si ridhaa. Anaogopa nini? Anaogopa kazi yake na nyumba yake, na vyote viwili viko kwa mtu mmoja.

Tena mchumaji hulipwa kwa uzito wa majani. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kapu lijae na lipimwe. Saa moja ya kukujibu wewe maswali ni kilo zilizobaki juu ya mti. Nani atazilipa? Nimewasikia wasomi wakitahadharisha kuwa kulipa fedha kunaharibu ukweli wa majawabu. Huenda ikawa hivyo. Lakini kumla mtu ujira wake kunaharibu kitu kikubwa zaidi. Ama msubiri amalize kazi, au mfidie alichokikosa, na umwambie tangu mwanzo kuwa ni fidia ya wakati wake, iwe amejibu la kupendeza au la kuchukiza. Wakulima wadogo wa upande wa Bomet, wanaopeleka majani yao katika viwanda kama Kapkoros na Mogogosiek, hao hali yao ni nyepesi kidogo: mtu yuko katika shamba lake, mlango ni wake, akitaka atafungua na asipotaka atakuambia ana ng'ombe wa kukama.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe, la kujificha.

Mwezi Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitoa uchunguzi juu ya mashamba ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kuwa wasimamizi wao waliwadhulumu katika heshima zao; mwanamke akitaka kazi, au akitaka kazi nyepesi, hutakiwa alipe kwa mwili wake. Mtumishi mmoja wa BBC aliingia kwa jina lisilo lake, kama mwenye kutafuta kazi, akiwa na kamera iliyofichwa, na mambo yakaonekana kwa macho. Baadhi ya waliotuhumiwa wakasimamishwa, na Bunge la Kenya likataka uchunguzi. Wenzake kijana wetu wameushika mfano huu. Wamesema: lau yule dada angalibisha hodi ofisini, je, angaliona?

Hoja hii ina nguvu, na wala hatuikimbii. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, baada ya kueleza uharamu wa kusengenya, ameyataja mambo sita ambayo huruhusiwa kumtaja mtu kwa alilonalo. La mwanzo ni aliyedhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumtolea haki. La pili ni kutaka msaada wa kuondoa munkari. La nne ni kuwatahadharisha watu na shari. Basi wanawake wale waliposema walikuwa na haki yao kamili, na aliyewasaidia kuisikizisha dhulma yao hakufanya tajassus iliyokatazwa, kwa sababu hakutafuta aibu za watu ili azijue. Aibu ilikwisha julikana kwa waliofanyiwa, na kilichokosekana ni shahidi. Aliyeingia kwa hila ili kumtoa mtu katika moto hasemwi kuwa ni mwivi. Walakini haya yana mipaka. Dhulma iwe imekwisha dhihiri kwa dalili kabla ya kuingia, si kwa dhana. Njia ya wazi iwe imejaribiwa, au ijulikane kuwa imefungwa. Afichuliwe dhalimu, na asitiriwe mdhulumiwa. Na kikishapatikana kilichotafutwa, mtu atoke.

Lakini kijana wetu haendi kwa ajili hiyo. Anakwenda kupata shahada. Yeye mwenyewe ameandika kuwa anataka kuchunguza namna wachumaji wanavyokula pamoja, wanavyochanga fedha za vyama vyao, wanavyozikana na kuozana mbali na kwao. Haya ni mambo mema kuyajua, wala hayana dharura ndani yake. Dharura huruhusu kilichokatazwa kwa kadiri yake tu, na hapa haipo kabisa. Kwa hivyo jawabu letu kwake ni kuwa haimfalii kujificha. Mama atakayemgawia ugali wake kwa kuwa ni mchumaji mwenziwe amempa mchumaji, hakumpa mwandishi. Na akiyachukua maneno yake kwa sura isiyo yake amechukua mali kwa kughushi. Lau akikaa huko kwa wazi na akakutana na dhulma, hapo hali imegeuka, na wajibu wake wa kuiondoa unamtangulia hata mwalimu wake na kitabu chake. Asije akasema, "Mimi mtafiti tu, kazi yangu kutazama." Hapana cheo katika dini hii kinachoitwa mtazamaji wa dhulma.

Wala wasomi wa ilimu hii hawakuwa wote wamelala. Mnamo Desemba 1919 Franz Boas, mkubwa wao katika Marekani, aliandika gazetini kuwa wako wanaanthropolojia wanne waliofanya ujasusi wa serikali yao katika Amerika ya Kati wakati wa vita, wakijidai kuwa ni watafiti. Alisema kuwa wameinajisi ilimu na kuwafanya watafiti wote washukiwe. Hakuwataja kwa majina. Na chama chao kilifanya nini? Kilimkemea Boas, si wale wanne! Karipio lile halikufutwa mpaka mwaka 2005, na yeye amekwisha kufa tangu mwaka 1942. Msomaji atazame mwenyewe jinsi kundi la wanavyuoni linavyoweza kumwadhibu mwenye kusema kweli, na asidhani hili ni la Wazungu peke yao. Sisi nasi tuna masheikh.

Limebaki gumu kuliko yote, nalo halimo katika kanuni za vyuo. Kijana amejitambulisha, amepata ridhaa, watu wote wanajua ni mwandishi. Siku ya kwanza wanachunga ndimi zao. Mwezi wa tatu wamesahau. Sasa ni kijana wa nyumbani. Mama anamwita mwanangu, naye humwita mama. Jioni moja, wakimenya viazi, mama anasema neno juu ya mumewe, kisha anageuka kutazama mlangoni. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mtu akizungumza kisha akageuka kutazama, mazungumzo yale ni amana. Hakusema, "Hii ni siri." Shingo yake ndiyo iliyosema. Hapana karatasi ya ridhaa inayolifunika neno lile. Karatasi ilitiwa sahihi na mama aliyekuwa na mgeni. Neno limetolewa na mama aliye na mwana.

Baadhi ya watu watasema kuwa dawa ni kubadilisha jina. Katika mji kama Mombasa huenda ikafaa. Katika safu ya nyumba za wachumaji, ukiandika kuwa ni mjane mwenye watoto watano aliyetoka Nyamira na mwenye kilema cha mkono, umebadilisha nini? Majirani watamjua kabla ya kumaliza mstari, na wao ndio ambao khabari ile itamdhuru kwao. Msomaji wa London hamjui na hana haja naye. Dawa iliyo karibu na haki ni kurudi. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini, waliochoka kuandikwa na kila mpita njia, walitoa kanuni zao wenyewe za watafiti, wakataka heshima, ukweli, haki na kuangaliwa, na wakataka waletewe kilichoandikwa wakione. Hawakuwa na ofisi kubwa wala sheria ya serikali, walichoka tu. Kijana wetu asingoje wachumaji wa Kericho wachoke. Amalize kuandika, arudi, akae na kila aliyempa neno, amsomee lile neno kwa lugha anayoifahamu, amwulize: hili ndilo ulilolisema, na wakubali lisomwe? Akisema litolewe, litatolewa, liwe zuri namna gani. Na daftari la kwanza, lenye majina, lisiwekwe chuoni wala lisiachwe katika chombo cha watu wengine. Akishamaliza haja nalo alichome.

Amri ya kurudi ina gharama yake, na mwalimu huenda asiikubali kwa kuwa muda wa shahada umekwisha. Hilo alizungumze na mwalimu kabla ya kwenda, si baada ya kurudi.

Chini ya barua yake kijana ameongeza suala dogo: je, akiwa huko miezi yote atapunguza sala, naye ni msafiri mbali na kwao? Jawabu ni kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukmu ya safari humwondokea anapofika. Atasali kamili, na Ijumaa ataihudhuria Kericho mjini akiweza kuifikia. Kisharia huko yeye si mpita njia, ni mkaazi, na majirani zake ni majirani.

Wallahu aalam.